Barua ya Mikumi: Somo la Kuandikia Ofisi kwa Msaada wa Akili Mnemba

Kila mwanachuo anayetoka Dar kwenda Iringa, Njombe, Mbeya au Songea anaijua ile sehemu. Basi limeshapita Morogoro, machungwa yameshamenywa, konda ameshaweka filamu ya pili, halafu mtu wa dirishani anapaza sauti, "Twiga wale!" Basi zima linahamia upande mmoja na simu zinatoka. Kwa kilomita 50 hivi barabara kuu ya kwenda Zambia inapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na kwa wengi wetu huo ndio utalii pekee tuliowahi kufanya, tena kwa nauli ya basi.

Muhula uliopita nilikaa dirishani upande wa kulia, upande wa mbuga ya Mkata, na nilichokiona hakikuwa twiga. Alikuwa swala pala, jike, nusu kwenye lami nusu kwenye majani, shingo imegeukia nyuma. Dereva alimkwepa bila kupunguza mwendo. Hakuna aliyesema kitu isipokuwa mama mmoja nyuma yangu, "Maskini, na kama ana mtoto je?"

Nilipofika chuoni niliwasimulia wenzangu wa klabu ya mazingira, tukakubaliana tuandike barua. Hapo hapo mwenzetu mmoja akatoa simu mfukoni. "Barua tu? Nipeni dakika mbili."

Ndugu msomaji, somo hili linahusu zile dakika mbili na wiki tano zilizofuata.

Barua ya dakika mbili

Wapo wanaosema akili unde, wapo wanaosema akili mnemba. Nitatumia mnemba kwa sababu ndilo neno linalotumika kwenye benchi letu la kantini. Maelekezo tuliyoipa programu yalikuwa mstari mmoja: "Andika barua kali ya kutetea wanyama wanaogongwa na magari Mikumi." Ikatoa kurasa mbili kabla hata chai haijapoa. Ilianza hivi:

"Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya njema. Ninaandika kuelezea wasiwasi wangu wa kina kuhusu hali ya kuhuzunisha ya wanyamapori wetu wa thamani. Wanyama hawa ni urithi wetu, ni fahari yetu, ni kesho yetu. Wakati umefika wa kuchukua hatua madhubuti."

Tulipiga makofi, nakiri. Ilisikika kama hotuba. Hebu isome tena, halafu ondoa Mikumi uweke Serengeti, ondoa swala uweke kasa wa Mafia au samaki wa Ziwa Viktoria. Barua inabaki vile vile. Hakuna sentensi hata moja inayoonyesha kwamba mwandishi aliwahi kupita njia ile.

Mbele zaidi mambo yalikuwa mabaya kuliko hapo, ila hatukuyaona. Chini ya barua, kwenye nakala, ilikuwepo Kenya Wildlife Service, kana kwamba Mikumi iko Kajiado. Ilinukuu kifungu cha Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, kumbe hifadhi za taifa zina sheria yake yenyewe, Sura ya 282. Ilitaja idadi ya wanyama wanaogongwa kwa mwaka, namba nzuri isiyo ya duara, pamoja na jina la utafiti ulioitoa. Na aya ya mwisho ililaumu "wavamizi na majangili wa vijiji vinavyozunguka hifadhi", ambao hakuna mtu yeyote kati yetu aliyewataja.

Tukachapa, watu 23 wakasaini, tukaipeleka ofisi moja ya serikali.

Kwa mzee wa ofisini

Siku tisa baadaye mlezi wa klabu alipigiwa simu, akatuchukua wawili kwenda naye. Mimi nilidhani tunakwenda kupongezwa. Tulimkuta mzee wa makamo, miwani kwenye paji la uso, barua yetu mezani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu, kaeni. Barua yenu nimeisoma. Hii namba mmeitoa wapi?"

Tukatazamana. Mwenzangu akasema ipo kwenye utafiti uliotajwa hapo. Mzee akasema, "Huo utafiti nimeutafuta, sijauona. Ninyi mmeusoma?" Hatukuwa tumeusoma. Tuliporudi tuliutafuta maktaba, tukautafuta kwenye intaneti, tukamuuliza mwalimu wa ikolojia. Haupo. Haujawahi kuwepo.

Mzee hakutufokea. Alifanya kitu bora zaidi, alitueleza barua inavyosafiri. Inafika masjala, inagongwa mhuri wa tarehe, inafunguliwa jalada au inaingizwa kwenye jalada lililopo. Kisha inakwenda kwa ofisa anayehusika, naye anaandika dokezo kwa mkuu wake: nani ameandika, anaomba nini, ofisi ina uwezo gani, tushauri nini. "Sasa mimi," akasema, "nikifika kwenye 'anaomba nini' kalamu inakwama. Mmeomba hatua madhubuti. Hatua madhubuti naipangia bajeti vipi?"

Akafungua droo akatoa barua nyingine nne, kutoka kwa vikundi tofauti, juu ya mambo tofauti ya mazingira. Zote zilikuwa na natumaini barua hii inakukuta. "Zamani," akasema, "mtu akiniandikia barua mbaya yenye makosa ya herufi nilijua angalau amekaa chini akahangaika. Hizi sijui nani amehangaika."

Maneno hayo yalinikumbusha kisa cha Marekani ambacho kila anayefikiria kutuma barua elfu moja za mashine akijue. Mwaka 2017 tume ya mawasiliano ya huko ilikaribisha maoni ya umma kuhusu kanuni za intaneti, yakaingia zaidi ya milioni 22. Uchunguzi wa Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York, uliotolewa 2021, ulikuta kwamba karibu milioni 18 yalikuwa ya uongo. Zaidi ya milioni 7 yalitumwa na mtu mmoja tu, mwanafunzi wa chuo mwenye miaka 19, kwa programu, kwa majina ya kubuni. Ni mwanachuo kama wewe na mimi, na huenda aliamini kabisa anatetea haki. Waliopata hasara ni wale walioandika kweli, kwa majina yao, maana sauti zao zilizama kwenye bahari hiyo. Na hiyo ilikuwa kabla ChatGPT haijatoka mwishoni mwa 2022.

Kwa nini inabuni

Nitapita haraka hapa, wenzetu wa kompyuta watanisamehe. Programu hizi zimejifunza kutokana na maandishi mengi mno, zikajua neno gani kwa kawaida hufuata neno gani. Ukiiomba sheria, inakupa kitu chenye umbo la sheria: neno "kifungu", namba, mabano, mwaka. Ukiiomba utafiti, inakupa umbo la utafiti. Pale ambapo maandishi iliyojifunza ni mengi, umbo na ukweli mara nyingi hukutana. Pale ambapo ni machache, kama habari za barabara ya Mikumi kwa Kiswahili, pengo linazibwa na kinachofanana. Ndiyo maana shirika la wanyamapori la Kenya lilituingilia kwenye nakala. Mashine haijui kwamba imekosea, na sauti yake haibadiliki: inakosea kwa kujiamini kule kule inakopatia.

Wasomi wakubwa wamenaswa. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walipigwa faini ya dola 5,000 baada ya kupeleka mahakamani kesi za rejea ambazo ChatGPT ilizitunga. Wao walikuwa na shahada na leseni. Sisi tulikuwa na bando la chuo.

Aliyefuta saini yake

Lakini namba ya uongo haikutuumiza kama ile aya ya mwisho.

Kati ya wale 23 alikuwepo dada mmoja wa mwaka wa pili anayetoka kijiji kinachopakana na hifadhi. Alisaini bila kusoma hadi mwisho, kama wengi wetu. Alipoisoma nakala kwenye ubao wa klabu alikuja na kalamu, akalikata jina lake mistari miwili, akasema mbele yetu: "Bibi yangu amelima ekari moja na nusu ya mahindi, tembo wameingia usiku mmoja wakamaliza. Ameandika kuomba kifuta jasho na bado anasubiri. Ninyi mnamwita mvamizi?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Tungesemaje, kwamba hatukuandika sisi? Saini zilikuwa zetu.

Nimelifikiria sana jambo hili. Barua nyingi za kutetea wanyama zilizoandikwa duniani zimeandikwa na watu wa mbali, na katika barua hizo mwanakijiji ana nafasi mbili tu, adui au mtu wa kuelimishwa. Mashine iliyolishwa maandishi hayo inayarudisha kama ilivyoyapokea. Haikumchukia bibi wa mtu. Ilirudia mazoea. Ila mazoea hayo yakisainiwa na wanachuo 23 wa nchi hii hii, yakagongwa mhuri masjala, yanakuwa msimamo wetu. Na kwa upande wa wanyama wenyewe ni hasara tupu, kwa sababu hakuna hifadhi inayodumu huku majirani zake wakitukanwa kwenye barua rasmi. Kifuta jasho kwa mazao, kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kuuawa: haya ni maneno ya kanuni za serikali yetu yenyewe, na yana huruma kuliko ile aya nzima.

Tulimwomba radhi. Alikubali kwa sharti moja, kwamba barua ya pili ikiandikwa aione yeye kwanza.

Igeuze: ikuulize wewe

Mlezi wetu ndiye aliyetupa njia. "Msiitupe hiyo programu," alisema. "Mmeitumia kwa upande usio wake. Mmeiuliza kitu ambacho ninyi mnakijua na yenyewe haikijui. Sasa igeuzeni."

Maelekezo ya safari ya pili yalikuwa haya, unaweza kuyanakili:

"Jifanye wewe ni mhandisi wa barabara wa mkoa. Nitakueleza nilichokiona njiani. Usiandike barua. Usitoe takwimu wala sheria yoyote. Niulize maswali kumi magumu ambayo ungetaka niyajibu kabla hujachukua hatua."

Aisee. Ilituuliza tuliona mnyama wapi hasa, kwa nguzo gani ya kilomita. Ilitaka kujua saa ngapi, na kama tuliona tukio au mzoga tu. Tunajuaje kwamba tatizo ni mwendo kasi na si giza au majani marefu kando ya lami? Tunaomba nini, alama, matuta, askari, au ratiba za mabasi? Nani kati ya hao wote yuko chini ya ofisi tunayoiandikia? Wasafiri na madereva watapata faida gani? Swali moja lilikuwa kuhusu kuteleza kwa magari wakati wa theluji, tukacheka mpaka mama wa kantini akatuuliza kuna nini. Lakini tisa yalikuwa maswali ya mtu mzima, na tuliweza kujibu mawili.

Hapo ndipo wiki tano zilipokwenda, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haikufanyika kwenye simu.

Kwanza, nani anahusika na nini. Hili ukikosea barua yako inaanza kutangatanga ofisi hadi ofisi. Hifadhi za taifa ziko chini ya TANAPA. Mapori ya akiba yako chini ya TAWA, na programu inaweza kuzichanganya taasisi hizi mbili, kwa hiyo kagua. Utafiti wa wanyamapori ni TAWIRI. Lakini lami ile, ingawa iko ndani ya hifadhi, ni barabara kuu, na barabara kuu zinasimamiwa na TANROADS, yenye Meneja kila mkoa. Kumkamata anayekimbiza gari ni kazi ya polisi wa usalama barabarani. Leseni na ratiba za mabasi ni LATRA. Ukitaka matuta, unamwandikia mwenye lami, nakala unampa Mkuu wa Hifadhi.

Pili, sheria. Tulikwenda maktaba upande wa sheria, tukafungua vitabu kwa mikono yetu. Tuligundua kwamba kwa barua ya namna hii huhitaji vifungu kumi. Ibara ya 27 ya Katiba inampa kila mtu wajibu wa kulinda mali asilia ya nchi. Ibara ya 21 inampa raia haki ya kushiriki katika maamuzi ya mambo yanayolihusu taifa. Hizo mbili zinatosha kumwambia ofisa kwamba hujavamia, umetekeleza. Ukitaja sheria yoyote zaidi, sharti awepo mmoja kati yenu aliyeisoma ukurasa huo kwa macho yake.

Tatu, macho. Tulinunua daftari la kurasa 48. Kila mwanaklabu aliyesafiri njia ile alipewa mistari ya kujaza: tarehe, saa, nguzo ya kilomita iliyo karibu, mnyama gani, alikuwa anavuka au amekufa, upande gani wa barabara. Picha inapigwa ukiwa umekaa kitini. Hakuna kumwomba dereva asimame, na ndani ya hifadhi hakuna kushuka. Waliolala njiani waliambiwa waandike "nililala", maana mstari mtupu unaweza kusomwa kama hakukuwa na mnyama.

Katika hili kuna hesabu ndogo ambayo programu ilitusaidia na tukaihakiki kwa kikokotoo. Gari la kilomita 100 kwa saa linakwenda karibu mita 28 kwa sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kushtuka na kukanyaga breki, ameshasafiri mita 42 kabla gari halijaanza kupunguza hata kidogo. Kwa kilomita 50 kwa saa ni mita 21. Tofauti hiyo ndiyo swala, na usiku inaweza kuwa abiria, maana nyati au twiga akigongwa hafi peke yake. Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na jioni na alfajiri ndizo saa ambazo wanyama wengi wako mwendoni. Kuhusu kikomo cha mwendo ndani ya hifadhi, usiiulize mashine. Sisi iliyotupa haikuwa ile iliyoandikwa kwenye kibao. Kibao kipo, kisome ukipita, na kile kingine chenye orodha ya faini kwa kila mnyama.

Jambo moja lenye uzito

Kabla ya kuandika tulijadili kisa cha Ziwa Natron, kwa kuwa mlezi wetu alikikumbuka vizuri. Kati ya 2006 na 2008 kulikuwa na mpango wa kujenga kiwanda cha magadi kwenye ziwa hilo, kwa ubia wa Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni ya Tata Chemicals ya India. Pingamizi zilitoka ndani na nje ya nchi, barua zikaandikwa na watu wa kila aina, na mwaka 2008 kampuni ikasitisha. Sidai kwamba barua peke yake zilifanya kazi hiyo. Lakini ukisikiliza hoja zilizobaki midomoni mwa watu mpaka leo, ni moja: Natron ndipo heroe wadogo wa Afrika Mashariki wanapotagia kwa uhakika, na hawana pengine pa namna hiyo. Hoja hiyo moja, ya kweli, ya mahali pamoja, ilikuwa na uzito ambao aya ishirini za "urithi wetu, fahari yetu" haziwezi kuubeba.

Kwa hiyo tulijiuliza hoja yetu ni ipi. Daftari lilitupa jibu: wengi wa wanyama tuliowaandika walikuwa kwenye kipande kimoja kifupi, na karibu wote jioni au alfajiri.

Barua ya pili

Tuliandika wenyewe kwa kalamu, kurasa tatu. Kisha tukaiambia programu: "Fupisha iwe ukurasa mmoja. Usiongeze neno lolote la sifa, usiongeze taarifa yoyote ambayo haimo." Ilifupisha vizuri, kwenye kukata maneno haina huruma, na hapo inastahili shukrani. Ilijaribu kurudisha "wanyamapori wetu wa thamani" mara mbili, tukaing'oa. Halafu tukamsomea mama wa kantini kwa sauti. Pale alipouliza "yaani?" tulirekebisha. Sehemu kuu ilitoka hivi:

"YAH: OMBI LA KUONGEZA MATUTA KWENYE KIPANDE CHA BARABARA KINACHOVUKWA NA WANYAMA, HIFADHI YA TAIFA YA MIKUMI

Sisi ni wanafunzi wa chuo kikuu tunaosafiri kwa basi kupitia Mikumi tunapofungua na kufunga chuo. Muhula huu tumeandika kwenye daftari kila mnyama tuliyemwona akivuka barabara au amekufa kando yake, pamoja na saa na nguzo ya kilomita. Nakala tumeiambatanisha. Daftari hili si utafiti, ni macho ya abiria, na baadhi yetu walilala njiani.

Wanyama wengi tuliowaona walikuwa kwenye kipande tulichokiwekea alama, jioni na alfajiri. Tunaomba jambo moja: wataalamu wenu wakikague kipande hicho na, wakiona inafaa, waongeze matuta na alama za tahadhari.

Mmoja wetu anatoka kijiji jirani na hifadhi. Kwao wanyama hawa ni hasara shambani, na bado anasaini ombi hili, kwa sababu barabara hiyo hiyo hupitiwa na ndugu zake usiku kwa bodaboda, na gari linalomkwepa mnyama haliangalii linakoelekea. Tunaomba pia, kwa nakala ya barua hii, kwamba madai ya kifuta jasho ya majirani wa hifadhi yasisahaulike tunapozungumzia wanyama."

Aya ile ya mwisho aliiandika yeye, yule dada, na tulikataa mashine isiiguse. Ina kasoro ya mpangilio, hasa ule mstari unaochanganya maombi mawili, na mlezi alitaka kuukata. Tukapiga kura. Ukabaki.

Saini safari hii zilikuwa 14. Wale tisa wengine walisema hawakuwahi kupita Mikumi muhula huu, na tukaona ni haki.

Mabishano yaliyobaki

Klabuni bado hatujakubaliana kwenye kila kitu. Kuna mwenzetu anayeshikilia kwamba tunaitesa bure hii zana, kwamba kwa mkulima ambaye Kiswahili cha ofisini kinampiga chenga, programu ya kumwandikia dai la kifuta jasho ni ukombozi. Nakubaliana naye nusu. Bibi yule yule angeweza kusimulia kwa mdomo, mjukuu akaandika, mashine ikapanga "Yah" na "Kumb. Na." mahali pake. Nusu nyingine inanitia wasiwasi: nani atamsomea kilichoongezwa katikati kabla hajaweka dole gumba?

Tulichokubaliana ni kipimo. Ukisimama mbele ya yule mzee bila simu mkononi, uweze kuitetea kila sentensi. Usiyoweza kuitetea, ifute hata kama ni nzuri.

Na kuna vitu ambavyo havipaswi kuingia kwenye programu hata kidogo. Majina na namba za simu za mashahidi wako, hasa kama barua inahusu ujangili. Mahali wanapolala au kuzalia wanyama wanaowindwa. Ukijua faru mweusi ananyea wapi, hiyo mwambie askari wa hifadhi ana kwa ana. Usiichape kwenye simu na usiiweke kwenye barua ya wazi inayosambazwa kwenye makundi.

Wiki ya tatu baada ya kupeleka barua ya pili, mlezi alipigiwa simu. Waliomba daftari halisi, si fotokopi, kwa sababu kurasa mbili hazikusomeka, na wakauliza kama tunaweza kuandika na msimu wa kiangazi, wakati wanyama wanatafuta maji. Matuta hayajawekwa. Hakuna aliyetuahidi kwamba yatawekwa.

Daftari la pili liko kwa katibu wa klabu, hosteli ya wasichana, ghorofa ya chini. Unayesafiri njia ya Iringa chuo kikifungwa, lichukue, kata tiketi ya dirishani, na hakikisha simu ina chaji ya kutosha kuonyesha saa.